"I am waiting for your reply": kwa nini inamkera Mwingereza, na uandike nini badala yake

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Moshi. Anaomba nafasi ya kusoma masters Uingereza, kamwandikia profesa imeili nzuri tu ya kujitambulisha, mwisho akamalizia hivi: "I am waiting for your positive reply as soon as possible." Wiki mbili kimya. Kumuonyesha rafiki yake akaambiwa hapo ndo umeharibu, ungeandika "I look forward to hear from you", mwingine akadakia hapana, ni "hearing" sio "hear", wa tatu akasema watu wa ofisini wanaandika "anticipating your response". Sasa anauliza ipi ni ya heshima kweli, na hiyo "hearing" imetoka wapi wakati shuleni tulikaririshwa kwamba baada ya "to" kitenzi kinakaa kama kilivyo.

Dada yangu, kwanza tulia. Kimya cha profesa wiki mbili sio lazima kiwe kimesababishwa na sentensi moja, hawa watu wanapokea imeili za wanafunzi kila siku na kama uliandika mwezi wa nane ujue wengi wapo likizo. Ila rafiki zako hawajakosea kusema ile sentensi ina shida. Ina shida tatu, na zote zimetokana na kitu kimoja, kwamba ulikuwa unafikiri Kiswahili kizuri kabisa chenye adabu zake, halafu ukakivalisha nguo za Kiingereza.

Tuanze na "waiting". Kwa Kiswahili ukimwandikia mtu "nasubiri jibu lako" hakuna ubaya wowote, ni kama kumwambia nipo, sijakusahau, ukiweza nijibu. Mtu anaweza hata kumalizia "nasubiri kwa hamu" na ikawa tamu zaidi. Kiingereza sio hivyo. "I am waiting for your reply" maana yake ni kwamba sasa hivi ninavyoandika nimesimama nasubiri, na anayenisimamisha ni wewe. Mwingereza anaisoma kama mtu amekuja kusimama mlangoni kwa ofisi yake, kafunga mikono kifuani, anaangalia saa. Haijaandikwa kwa hasira lakini inasomeka kwa hasira, na hapo ndo ubaya wake, maana mwandishi hajui kabisa kama amegomba.

Mi hili nililijua kwa aibu. Miaka ya nyuma nilikuwa naandika imeili za wageni kwenye ofisi moja ya utalii Arusha, na mama mmoja mtu mzima wa Uingereza alikuwa amebuku safari ya siku sita, bado hajatuma malipo ya awali. Nikamwandikia kwa roho safi kabisa, "Dear Madam, we are waiting for your deposit." Basi. Sikuona tatizo, si ndo ukweli, tulikuwa tunasubiri. Kesho yake akajibu mstari mmoja, kwamba anaomba radhi sana kwa kutuchelewesha, alikuwa hospitali. Bosi akaisoma ile, akaniita, akanigeuzia kompyuta bila kusema neno. Alilipa, alikuja, na hata alinisalimia vizuri, lakini mpaka leo nikiona neno "waiting" mwisho wa barua mwili unanisisimka.

Sasa Waingereza wenyewe wanafanyaje wakisubiri? Wanakwepa kabisa kusema wanasubiri. Badala ya kuongelea deni lako wewe la kujibu, wanaongelea furaha yao wao ya kupata jibu. Ndo hiyo "I look forward to hearing from you". Ukiipasua neno kwa neno ni "natazama mbele", yaani macho yangu yako kule ambako barua yako itatokea, na nikiiona nitafurahi. Hamna saa hapo, hamna deni. Ujumbe ni ule ule wa nijibu tafadhali, ila mzigo umehamishwa kutoka mabegani kwako kuja kwenye hamu yangu. Ukishaelewa hilo huhitaji kukariri orodha ya maneno, unajiuliza tu swali moja kila ukiandika: hii sentensi inamwekea mzigo nani?

Haya, "hear" au "hearing". Ni "hearing", na aliyekwambia "to hear" yuko kwenye kundi kubwa sana, mi mwenyewe nimeshaona mpaka kwenye barua za watu wenye digrii mbili. Wengine wanaandika "looking forward for your response", nayo sio. Neno linaloenda na "look forward" ni "to" peke yake.

Kinachotuchanganya ni Kiswahili chetu kuwa na raha ambayo Kiingereza hakina. Chukua "kusikia". Unaweza kusema "nataka kusikia", hapo ni kitenzi. Unaweza kusema "kusikia kwake kumepungua", hapo ni jina kabisa, lina mpaka "kwake" yake. Neno moja, "ku-" moja, kazi mbili, na hakuna anayeumia kichwa. Mwingereza hizo kazi mbili kazigawia maneno mawili tofauti, "to hear" na "hearing". Halafu kana kwamba haitoshi, ana "to" mbili zinazofanana kama mapacha. Ya kwanza ni ile ya "I want to hear", imegandana na kitenzi kama "ku-" yetu. Ya pili ni ile ya kuelekea mahali au kitu, kama "I am going to Moshi", na hii haitaki kitenzi mbele yake, inataka jina. Kwenye "look forward to" ni hii ya pili. Macho yanaelekea kwenye kitu, na hicho kitu lazima kiwe jina, ndo maana kitenzi kinavaa "-ing" ili kigeuke jina.

Ukisahau, tumia ujanja huu: toa kitenzi, weka "it". "I look forward to it" inakubali, watu wanaisema kila siku mtu akikualika mahali. Kwa hiyo ukirudisha kitenzi kinarudi na "-ing". Jaribu "I want to it", inagoma, basi hapo kitenzi kinakaa uchi. Na huu ujanja utakusaidia kwingine pia maana wewe unaandika maombi ya chuo na huko utakutana na "I am committed to", ambayo watu wanaandika "committed to complete my studies" wakati inayokubalika zaidi ni "committed to completing". Au "I am used to working under pressure", hiyo kila CV ya bongo inayo na nyingine wamekosea wakaandika "I used to work", ambayo maana yake inageuka kabisa inakuwa "zamani nilikuwa nafanya kazi, siku hizi sifanyi". Fikiria mwajiri anasoma hivyo.

Pia usidondoshe hiyo "from". "Hearing from you" ni kupata ujumbe wako. "Hearing you" ni kusikia sauti yako, na "hearing about you" ni kupewa habari zako na watu wengine, ambayo kwa profesa usiyemjua inatisha kidogo.

Sasa kuna namna tatu za kuiandika na hazilingani uzito. "I look forward to hearing from you" ndo ya kiofisi, hii unaiweka kwa profesa, ubalozini, benki, kwa mtu yeyote usiyemjua. "I'm looking forward to hearing from you" ina ujoto zaidi, ni ya mtu mliyeshaandikiana mara mbili tatu. Halafu "Looking forward to hearing from you" bila "I" ni ya haraka haraka, ya wenzako kazini. Hii ya mwisho ina historia yake. Zamani barua za Kiingereza zilikuwa zinafungwa kwa sentensi moja ndefu inayoteremka mpaka kwenye jina, "Looking forward to hearing from you, I remain, Sir, your obedient servant", kisha sahihi. Yaani ule mwanzo ulikuwa umeegemea "I remain". Baadaye watu wakachoka na mambo ya kuwa watumishi watiifu, wakakata mkia, kichwa kikabaki kinaelea peke yake. Ule mkia sisi bado tunao lakini, si ndo "wako mtiifu" yetu ya barua za kuomba kazi? Ndo maana wazee walimu wa Kiingereza wakiona "Looking forward" haina mwenyewe wanapiga wino mwekundu. Siku hizi haina kosa kubwa, ila wewe kwa sasa weka "I".

Tuje kwa yule wa "anticipating your response". Hapana. Najua inasikika ya kisomi, ila "anticipate" kwa kawaida sio kusubiri kwa hamu, ni kuona kitu kabla hakijafika na kujipanga. Watu wa hali ya hewa wana-"anticipate" mvua kubwa za masika, mfanyabiashara ana-"anticipate" bei kupanda akanunua mapema. Ukimwambia profesa "I am anticipating your response" ni kama unamwambia nimeshajua utajibu nini. Nahisi kosa limetokana na ile "Thanking you in anticipation" ya kwenye barua za zamani, ambayo maana yake ni kushukuru kabla, na yenyewe siku hizi imechakaa. Dada yake mdogo "Thank you in advance" anatumika sana ila sio wote wanampenda, maana unamshukuru mtu kwa kazi ambayo hajakubali kuifanya, ni kama kumwekea mtu kikombe mkononi halafu unasema asante kwa kuosha vyombo. Kwa mtu mliyekubaliana tayari sawa, kwa mgeni hapana. Kwa mgeni andika "I would be grateful for any advice you could give me". Hapo shukrani ipo lakini mlango wa kukataa umeachwa wazi, na Mwingereza huo mlango anauthamini sana.

"Expect" ndo hatari kuliko yote. Sisi "natarajia jibu lako" ni lugha laini, ila "I expect your reply" ni bosi anamwambia mfanyakazi, au baba mwenye nyumba anamkumbusha mpangaji kodi. "I await your response" nayo ni baridi, mawakili wanaipenda, ukiiweka kwenye barua ya kudai haki yako inafaa, kwenye barua ya kuomba hapana. "I hope to hear from you soon" hii ni salama, unyenyekevu wake uko wazi na Mswahili anaielewa bila shida maana ni "natumaini" yetu ile ile. Tofauti yake na "I look forward" ni kwamba "hope" inakubali kwamba labda hutajibu. Kama unaomba kitu kikubwa kwa mtu asiyekujua, "hope" wakati mwingine ndo ina adabu zaidi, mi naona hivyo japo wapo watakaonipinga.

Sasa shida yako ya pili, "positive". Hii najua umeitoa wapi. Tangu sekondari tumefundishwa kumaliza barua ya maombi na "natumaini ombi langu litapokelewa", na kwetu hiyo ni kama dua, hakuna anayeona unamlazimisha mtu. Ila ukiandika "your positive reply" kwa Kiingereza unakuwa umeshamchagulia jibu. Kiingereza kinataka ujifanye kwamba hata akikataa wewe utafurahi kusikia kutoka kwake. Ni unafiki mdogo, najua, lakini kila lugha ina unafiki wake wa adabu. Sisi si tunajibu "nzuri" hata kama tumelala njaa? Toa "positive", acha "reply" peke yake, mwenyewe anajua unachokitaka.

Ya tatu ni "as soon as possible". Kwa mtu aliyekuzidi cheo usiitumie kabisa. "Soonest" ndo usiiguse, hiyo kwetu Afrika Mashariki imezoeleka, "reply soonest", ila huko itasomeka kama telegramu. Wengine wanakimbilia "at your earliest convenience", ambayo ukiisoma ina heshima lakini hata watu wa kudai madeni wanaitumia, kwa hiyo ina harufu. Kama kweli una haraka, mpe mtu tarehe na sababu: "The scholarship form closes on Friday, so I would be very grateful if you could let me know by Thursday." Sababu ndo inayolainisha. Mtu akijua fomu inafungwa Ijumaa hawezi kukasirika.

Na angalia hiyo "by". Sisi tunasema "nijibu mpaka Alhamisi" au "hadi Alhamisi", tukihamisha inakuwa "until Thursday", na "please reply until Thursday" maana yake endelea kunijibu, jibu tena na tena, ikifika Alhamisi acha. Mwisho wa muda ni "by". "Until" ni ya kitu kinachoendelea: duka liko wazi "until six".

Kuna sehemu moja "look forward" haiingii hata iwe na heshima vipi, nayo ni kwenye jambo la huzuni. Niliwahi kupewa nipitie barua ya ofisi ya kumpa pole mteja aliyefiwa, imeandikwa vizuri, maneno ya kugusa moyo, mwisho mtu kwa mazoea kaweka "we look forward to hearing from you about the burial arrangements". Kumbuka ile hamu na furaha iko ndani ya neno. Hapo unaandika "please let us know" inatosha.

Basi imeili yako mwisho wake ungekuwa hivi: "I would be grateful to know whether you are accepting new students next year. I look forward to hearing from you." Nukta. Shuka mstari, "Yours sincerely", jina lako. Kama ulianza na "Dear Professor" ikafuatiwa na jina lake la ukoo basi "sincerely" ndo yake kwa Uingereza, "Yours faithfully" ni ya ile unayoanza "Dear Sir or Madam" hujui nani ataisoma. Angalia pia kwamba sentensi ya kwanza inauliza swali linalojibika kwa ndiyo au hapana. Imeili nyingi hazijibiwi sio kwa sababu ya adabu, ni kwa sababu msomaji akifika mwisho hajui ameulizwa nini.

Ila umeshatuma ile ya kwanza, kwa hiyo kinachofuata ni ukumbusho, na hapa nina habari njema, Kiswahili kinakusaidia. Wewe ukienda kwa mtu mzima kuomba kitu husemi "naomba", unasema "nilikuwa naomba", "nilikuwa nauliza". Kitendo ni cha sasa hivi, unaomba ukiwa umesimama mbele yake, ila unakisukuma nyuma kwenye wakati uliopita ili kisimgonge usoni. Waingereza wanafanya hivyo hivyo kabisa! "I was wondering whether", "I was hoping that you might". Nilipogundua hilo nilicheka peke yangu, kwa sababu miaka yote nilikuwa naona ni sarufi ya ajabu kumbe ni adabu ya bibi yangu. Kwa hiyo mwandikie: "I wrote to you two weeks ago about studying for a master's degree in your department. I realise this is a busy time, but I was wondering whether you had had a chance to read my message." Halafu "I look forward to hearing from you", jina, basi. Usianze na "as per my last email" maana hiyo ndo namna yao ya kugombana. Na ujumbe wa kwanza uache hapo chini yake ili asihangaike kuutafuta.

Usimuombe msamaha kwa ile imeili ya kwanza. Ukianza kueleza "samahani niliandika waiting" utamfanya airudie kuisoma.

Akikujibu na kukupangia kuongea naye kwa video, jibu siku hiyo hiyo, "Thank you. Tuesday at ten suits me very well, and I look forward to meeting you." Uliza tu hiyo saa nne ni ya kwao au ya kwetu. Na iwe "meeting", sio "seeing". Sisi "kuonana" ni moja tu, iwe mara ya kwanza au ya mia, ila wao "meet" ndo ya kukutana mara ya kwanza. Mkishaonana, ya mara ya pili ndo uandike "I look forward to seeing you again".